Jinsi ya Kufunga Mabamba ya Deraya Kwenye Vazi la Askari wa Kirumi

Kila mwaka, Kwaresima inapoelekea ukingoni, vikundi vya vijana parokiani huanza kutafuta mavazi ya askari wa Kirumi kwa ajili ya igizo la Njia ya Msalaba. Kukata mabamba ya kifua na mabega kutoka kwenye pipa la plastiki, mikeka ya sponji ya watoto au maboksi ni kazi ambayo wengi huiweza. Kinachowashinda ni kuyafanya yakae mwilini. Askari huanza kituo cha kwanza akiwa nadhifu, na kabla ya kufika cha tano bega moja limegeukia mgongoni, bamba la kifua limepanda hadi kidevuni, na mkono uliopaswa kushika mkuki unashikilia deraya isidondoke. Mwongozo huu unahusu kiungo hicho tu, baina ya kitu kigumu na nguo laini, na unamhusu fundi anayetumia vifaa vya kawaida: sindano, msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea), ribiti (vipini vya chuma vinavyobanwa ncha zote mbili), mikanda ya mabegi na cherehani ya jirani.

Tatizo huanzia kwenye dhana kwamba bamba hubandikwa kwenye nguo kama kiraka. Nguo hujikunja, huvutika na kufuata mwili, ilhali bamba halifanyi lolote kati ya hayo. Ukiligandisha pande zote, ama nguo itachanika kwenye ukingo wa bamba, ama bamba litaiburuta nguo yote kila mvaaji anapoinua mkono. Kwa hiyo kila bamba lining'inizwe kwa ukingo mmoja, aghalabu ule wa juu, kisha lizuiwe lisigeuke kwa kishikizo kimoja zaidi chenye kulegea kidogo, na kingo zake nyingine ziachwe huru. Uzito wote uishie mabegani na kiunoni, ambako mifupa inaweza kuubeba.

Warumi wenyewe walifanya kazi kwa mtindo huo. Deraya yao ya mabamba, ambayo mifano yake mizuri ilifukuliwa huko Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1964, haikushonewa kwenye kanzu hata kidogo. Vipande vya chuma vilipigiliwa ribiti kwenye mikanda ya ngozi iliyopita upande wa ndani, kila kipande kikilalia jirani yake, na nusu mbili za kiwiliwili zikafungwa kwa kamba zilizopita kwenye vishikizo vya shaba. Chini yake askari alivaa vazi nene lililopunguza msuguano. (Wajuzi wa historia watakumbusha kwamba askari waliokuwa chini ya Pilato yaelekea walikuwa askari wasaidizi, ambao wengi wao walivaa deraya ya pete zilizosukwa, lakini watazamaji wa Ijumaa Kuu wamezoea mabamba, na sioni haja ya kugombana nao.)

Kizibao cha kubebea

Usijaribu kufunga bamba lolote moja kwa moja kwenye fulana au kwenye kanzu fupi nyekundu ya igizo. Fulana huvutika kwa uzito mdogo tu, na kitambaa chepesi cha kanzu hutoboka pale kishikizo kilipo. Kinachohitajika ni kizibao kisicho na mikono, kinachovaliwa juu ya kanzu na chini ya deraya, ambacho mtazamaji hakioni kabisa. Kishonwe kwa kitambaa kisichovutika, kama vile jinzi, kaki nzito au turubai jembamba, na kiwe na tabaka mbili mbele na mgongoni. Jinzi iliyozeeka inafaa kuliko mpya, kwa sababu imelainika na haitapungua tena ikifuliwa. Rangi isikusumbue, ila kwenye makwapa na shingoni ambako kinaweza kuchungulia.

Sehemu inayofanya kazi kubwa zaidi katika kizibao hicho ni mabega. Mwombe fundi cherehani ashone mkanda wa begi wenye upana wa sentimita 3 au 4 juu ya kila bega, uanzie katikati ya kifua, upite juu ya bega na kuteremka hadi katikati ya mgongo. Mkanda huo ushonwe kingo zote mbili kwa urefu wake wote, na katika ncha zake fundi apige mshono wa mraba wenye msalaba ndani, ule unaoonekana kwenye mikanda ya mabegi ya shule. Vishikizo vyote vizito vitafungwa juu ya mkanda huu. Kitambaa cha kizibao kitabaki na kazi nyepesi ya kuuzuia mkanda usitembee.

Kizibao kifunguliwe ubavuni, chini ya kwapa la kushoto, ili mbele na nyuma pabaki wazi kwa ajili ya mabamba. Kifungwe kwa kamba au kwa mikanda miwili yenye mabizimu, na upande wa kulia uwekwe kipande cha lastiki pana. Kifua cha mtu anayepanda kilima huku akipaza sauti hutanuka kwa sentimita kadhaa, na deraya isiyoruhusu tanuko hilo itamchosha mvaaji kabla ya jua kumchosha.

Kuweka alama

Hatua hii hurukwa mara nyingi, na kurukwa kwake ndiko kunakozaa marekebisho ya usiku wa Alhamisi Kuu. Mvaaji avae kanzu, kizibao na viatu vile vile atakavyovaa siku yenyewe. Mtu mwingine amshikizie mabamba mwilini kwa selotepu ya karatasi, naye afanye matendo yote ya igizo: ainue mikono yote miwili juu ya kichwa, apige goti, ainame kuokota kitu chini, ageuze shingo, apige hatua ndefu, aigize kupiga mjeledi. Pale bamba linapogonga mfupa, linapokwaruza kwapa au linapogongana na jingine, likatwe au lisogezwe sasa, kabla ya tundu lolote kutobolewa. Ukingo wa juu wa bamba la kifua ubaki vidole viwili au vitatu chini ya shimo la koo, na ukingo wa chini uishie kiunoni pale mwili unapokunjikia. Bamba linaloshuka hadi nyongani litamsukuma mvaaji kidevuni kila anapoinama.

Alama zichorwe kwa chaki ya fundi kwenye kizibao na kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa bamba, zikiwa zimeandikwa namba zinazolingana. Mabamba ya kushoto na kulia hufanana mno yakiwa mezani.

Vishikizo na tabia zake

Njia ninayoipendelea kwa mabamba makubwa ni kamba zinazopita kwenye matundu. Kwenye mkanda wa bega la kizibao yatobolewe matundu mawili yaliyoachana kwa sentimita 2, yaimarishwe kwa vipete vya shaba ambavyo fundi viatu huvigonga kwa dakika chache, na kwenye bamba yatobolewe matundu mawili yanayolingana nayo. Kamba hutoka ndani ya kizibao, hupita kwenye kipete na kwenye bamba, kisha hufungwa nje kwa fundo la kitanzi ambalo hufunguka kwa kuvutwa mara moja. Kamba bapa za viatu hushika fundo vizuri kuliko za mviringo, na ukizipitisha kwenye kipande cha nta ya nyuki au cha mshumaa zitashika zaidi. Mashujaa wa Ulaya wa karne ya 15 walifunga vyuma vyao kwenye koti la ndani kwa kamba za namna hii hii zilizotiwa nta, na uzito waliobeba ulikuwa mkubwa kuliko wa plastiki yetu. Faida kubwa ya kamba ni kwamba inarekebishika: askari mnene wa mwaka huu na mwembamba wa mwaka ujao watatumia deraya moja.

Velkro na vifungo vya chuma vya kubonyeza hupendwa kwa sababu ya haraka, lakini mtu anayevitumia aelewe nguvu yake iko upande gani. Vyote viwili ni imara vikivutwa sambamba na nguo, na ni dhaifu vikimenyuliwa kuanzia ukingoni. Bamba la begani lililoshikiliwa kwa velkro iliyolala juu ya bega litavumilia siku nzima, kwa kuwa uzito huivuta kwa ulalo. Bamba lile lile likishikiliwa kwa velkro iliyo kwenye ncha yake ya chini litabanduka mara ya kwanza mkono unapoinuka. Velkro ishonwe kwenye nguo, isitegemee gundi iliyokuja nayo, kwa sababu gundi hiyo hulainika kwa jasho na joto. Upande laini uwekwe kwenye nguo na upande wa miiba kwenye bamba, la sivyo miiba itakwaruza kanzu na kila nguo nyingine itakayokuwa ndani ya sanduku la mavazi.

Gundi peke yake baina ya bamba na nguo siipendekezi kwa namna yoyote. Gundi ya moto, ile ya vijiti, hulegea juani. Gundi ya viatu hushika sponji vizuri sana, lakini ikipakwa kwenye kitambaa cha vazi hukifanya kigumu kama ubao, na vazi haliwezi kufuliwa tena. Mahali pa gundi ya viatu ni ndani ya bamba la sponji, unapobandika mkanda ambao baadaye utafungwa kwenye kizibao. Sponji isuguliwe kwa msasa, gundi ipakwe pande zote mbili, iachwe dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo mkanda ukandamizwe kwa nguvu. Kazi hiyo ifanyike nje au kwenye upepo, maana mvuke wake huumiza kichwa na mapafu.

Kwa mabamba ya pipa la plastiki hali ni tofauti. Mapipa mengi ya buluu, yale yenye namba 2 ndani ya alama ya pembetatu, ni ya plastiki ambayo karibu gundi zote hushindwa kuishika. Gundi ikishakauka hubanduka kama gamba. Hapo hakuna budi kutumia ribiti, bolti ndogo zenye nati, au kamba. Hakikisha pia kwamba pipa lilibeba chakula au sabuni, si dawa za kuulia wadudu, na kama historia yake haijulikani, liache.

Ribiti nazo zina adabu yake. Tundu liwe angalau sentimita 1 kutoka ukingoni, ama sivyo plastiki itapasuka. Tundu la kwenye mkanda wa nailoni lisikatwe kwa mkasi; lipenyezwe msumari uliopashwa moto, ili nyuzi ziyeyuke na kushikana pembezoni badala ya kufumuka. Kichwa cha ribiti kikae nje, na upande wa ndani, juu ya mkanda, iwekwe washa (kipete bapa cha chuma) kabla ya kubana, kwa sababu ribiti isiyo na washa hupenya mkanda polepole na kuchomoka mbele ya watu. Mkia wa ribiti ukishabanwa huwa na ncha kali, kwa hiyo ufunikwe kwa kiraka cha jinzi au cha ngozi laini.

Anayetaka kushona sponji moja kwa moja kwa sindano ajue kwamba uzi huikata. Weka kipande cha ngozi au turubai cha sentimita 5 kwa 5 upande wa ndani, toboa kwa msharasi, kisha shona kwa uzi wa nailoni ukipita kwenye sponji na kiraka kwa pamoja. Kwa boksi, viraka viwekwe pande zote mbili za kila tundu, na boksi lenyewe lipakwe rangi ya mafuta, kwani Ijumaa Kuu huangukia Machi au Aprili, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki huo ni wakati wa masika.

Mabega

Kifua na mgongo ni rahisi: bamba la mbele na la nyuma huning'inia kwa kamba kutoka kwenye mkanda wa bega, jozi moja ya matundu kila upande, kisha huunganishwa ubavuni kwa mkanda wenye bizimu chini ya kila kwapa, na mshipi wa kiunoni huyakandamiza yasipepee. Mabega ndiyo huonyesha kama fundi ni fundi, kwa sababu kiungo cha bega hufanya mizunguko ambayo hakuna bamba moja linaloweza kuifuata.

Kata vipande vinne kwa kila bega, vyembamba, vya upana wa sentimita 5 au 6, vilivyopindwa ili vipite kutoka kifuani, juu ya bega, hadi mgongoni. Plastiki hupindika ikipashwa joto la wastani, na isiachwe ikaungua, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Kipande kilicho karibu na shingo kilalie kile kinachofuata, nacho kilalie cha tatu, kama mabati ya paa, kwa mwingiliano wa sentimita 2 hivi. Mpangilio huu una sababu: mkono unapoinuka, vipande vya nje huteleza na kuingia chini ya vya ndani, na bega hujikusanya bila kugonga shingo. Ukivipanga kinyume, kila kipande kitasukuma ukingo wa mwenzake na vyote vitasimama wima kama mapezi.

Upande wa ndani ipite mikanda mitatu: mmoja kileleni mwa bega, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kila kipande kipigiliwe ribiti moja tu kwenye kila mkanda, karibu na ukingo wake unaoelekea shingoni, ili ukingo wa nje ubaki huru kuteleza. Hapa ndipo urefu wa mkanda unapoamua kila kitu. Alama za ribiti zichorwe mkono wa mvaaji ukiwa umeteremka kando ya mwili, kwa sababu katika hali hiyo vipande viko mbali zaidi kimoja na kingine na mkanda umenyooka. Mkono ukiinuka, mkanda utajikunja wenyewe. Ukichora alama mkono ukiwa umeinuliwa, mkanda utakuwa mfupi, na mkono ukishushwa deraya yote itavutwa kuelekea masikioni.

Seti hiyo ya vipande vinne sasa ni kitu kimoja, na hufungwa kwenye kizibao kwa kipande chake cha kwanza peke yake. Vishikizo viwili vinatosha, kimoja mbele na kimoja nyuma ya kilele cha bega, juu ya ule mkanda ulioshonwa, sentimita 3 au 4 kutoka shingoni. Kamba ni bora. Vifungo vya kubonyeza vinakubalika kama ni vikubwa, vya aina inayotumika kwenye makoti mazito. Kwenye kipande cha mwisho, cha nje kabisa, shona au pigilia kitanzi cha lastiki cha upana wa sentimita 2 kinachozunguka mkono juu ya misuli, kikiwa na kifungo upande mmoja ili mvaaji asilazimike kuingiza mkono kwa taabu. Kitanzi hiki hakibebi uzito wowote. Kinafuatisha tu ncha ya deraya na mkono, na kikibana hadi kuacha alama kwenye ngozi, kilegezwe.

Usikubali kuunganisha mabamba ya mabega na bamba la kifua kwa kitu kigumu. Kama unataka pengo baina yao lisionekane, shona kipande cha ngozi bandia kwenye kizibao, nyuma ya pengo, na upake rangi inayofanana na mabamba.

Mikono na miundi

Vikinga vya mikono na vya miundi havihitaji nguo. Vifungwe kwa mikanda miwili inayozunguka kiungo, wa juu ukiwa umebana zaidi, na ndani pawekwe kitambaa chenye msuguano, kama vile sponji nyembamba, ili visizunguke. Muundi unapanuka kuelekea kwenye shavu la mguu, kwa hiyo mkanda wa juu ukikaa juu ya uvimbe huo kikinga hakitashuka. Mvaaji wa suruali ndefu chini ya vikinga, jambo linaloonekana mara nyingi ingawa Mrumi angelishangaa, anaweza kushonewa kitanzi kidogo kwenye suruali, chini ya goti, mkanda upite humo.

Jaribio na siku yenyewe

Deraya ijaribiwe kwa mwendo wa nusu saa walau siku mbili kabla, juani, mvaaji akiwa na kila kitu mwilini. Baada ya hapo avue, na ngozi yake ikaguliwe: wekundu kwenye mtulinga, kwapani au kwenye mbavu unaonyesha ukingo unaohitaji kufunikwa. Njia rahisi ni kupasua mpira mwembamba wa maji kwa urefu na kuuvisha kwenye ukingo huo. Kila ribiti ishikwe kwa vidole na kutikiswa. Ile inayocheza itolewe na kupigwa upya, isiongezewe gundi.

Utaratibu wa kuvaa uandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku: kizibao, kifua na mgongo, mshipi, mabega, mikono, miundi. Kuvua ni kinyume chake. Msaidizi mmoja kwa askari wawili anatosha, na atembee na maandamano akiwa na mfuko wenye kamba za akiba, sindano iliyokwisha kutungwa uzi, pini kubwa kadhaa na mkasi. Mkasi ni wa lazima kuliko vyote. Askari akizidiwa na joto, kamba za mabega na mikanda ya ubavuni zikatwe mara moja bila kuhangaika na mafundo, naye apelekwe kivulini na kupewa maji.

Baada ya igizo, fungua mabamba yote kutoka kwenye kizibao siku ile ile, kabla jasho halijakauka kwenye vipete na kuanza kuvishika kutu. Kizibao kifuliwe peke yake na kuanikwa. Mabamba yapanguswe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na seti za mabega zihifadhiwe zikiwa zimening'inizwa, si kulazwa chini ya vitu vingine, ili mikanda ya ndani isijikunje mahali pamoja mwaka mzima na kupasuka pale pale ilipojikunja.